Uso unaomkataa bakteria bila kuukataa mfupa

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika sayansi ya vifaa. Nilipaka vipande vya titani chembe za nano za fedha, lengo likiwa kuungia mifupa iliyovunjika. Bakteria walipungua kwa asilimia 99.9, nikafurahi. Wiki iliyofuata nikaweka seli za mfupa juu ya vipande vya aina ileile, zikafa karibu zote. Nikaachana na fedha, nikapaka polietilini glaikoli: bakteria hawakushika, lakini seli nazo hazikushika. Je, upo kweli uso unaomkataa bakteria na kuukubali mfupa, au nakimbiza kivuli?"

Upo, ndugu yangu, ila hauko pale unapoutafuta. Unatafuta dutu moja yenye chuki na bakteria na upendo kwa mfupa, ikae hivyo siku zote. Tena umelijaribu jambo moja kama mambo mawili: wiki hii bakteria, wiki ijayo seli. Mwilini hakuna wiki ijayo. Daktari anapokaza skrubu ya mwisho, bakteria waliodondoka kutoka kwenye ngozi au hewani wameshafika, na seli za mgonjwa ziko njiani. Wote wanagombea eneo lilelile kwa wakati mmoja.

Mwaka 1987 Anthony Gristina aliandika katika jarida la Science kwamba hatima ya kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa mwilini, huamuliwa na mbio za kuuwania uso wake. Atanguliaye kisimani hunywa maji maenge. Seli zikitangulia kutandaa, bakteria anayefika nyuma hukuta nyumba ina wenyewe, nao wanajilinda. Bakteria wakitangulia, hujishikiza, huzaliana, kisha hujifunika kwa ute wa sukari, protini na vinasaba walivyovitoa wao wenyewe. Ute huo ndio utando wa bakteria, ambao wengine huuita biofilamu. Ndani yake dozi ya antibiotiki inayomuua bakteria anayeogelea peke yake inaweza isitoshe hata ukiizidisha mara mia kadhaa, na mara nyingi kinachobaki ni kukitoa kipandikizi chenyewe.

Sasa turudi kwenye 99.9 yako, maana ndiyo iliyokudanganya. Ukianza na bakteria milioni moja, asilimia 99.9 wakifa wanabaki elfu moja. Mwaka 1957 Elek na Conen walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu: ili bakteria aitwaye Staphylococcus asababishe usaha kwenye ngozi ya kawaida walihitajika mamilioni, lakini ukiwepo uzi wa kushonea ndani ya jeraha, mamia yalitosha. Kitu kigeni kinavunja ulinzi wa mwili pale kilipo. Chembe nyeupe za damu zinazokuja kumeza adui hujikuta zinajaribu kumeza chuma, zinachoka, zinamwaga silaha zao ovyo. Kwa hiyo elfu moja waliobaki kwenye kipande chako si mabaki ya kupuuzwa. Usiandike asilimia peke yake kwenye tasnifu. Andika walioanza wangapi na waliobaki wangapi, msomaji aone mwenyewe.

Nianze na polietilini glaikoli, kwa sababu kushindwa kwake kunafundisha zaidi kuliko fedha.

Hakuna bakteria anayeigusa titani yako. Hata seli haiigusi. Kwanza titani yenyewe imejivika oksaidi ya unene wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) mara tu inapokutana na hewa. Kisha kipande kinapoingia kwenye damu, ndani ya sekunde kadhaa kinavikwa protini. Albumini, ambayo ni nyingi na ndogo, huwahi. Baadaye hufika fibrinojeni, fibronektini na nyingine kubwa, ambazo huzisukuma zilizotangulia na kukalia nafasi zao. Kupokezana huku kunaitwa kwa jina la Leo Vroman, mtafiti aliyeeleza jambo hilo. Kuanzia hapo, kila kiumbe kinachofika kinaliona vazi hilo, hakiuoni mwili ulio chini yake. Shida ni kwamba Staphylococcus aureus ana vishikio maalumu vya fibrinojeni na vya fibronektini, na seli za mfupa nazo hushikilia fibronektini hiyohiyo kwa vipokezi viitwavyo integrini. Mlango ni mmoja, wageni wawili.

Polietilini glaikoli ulichofanya ni kuuziba mlango. Minyororo ya molekuli zake hushika maji mengi kiasi kwamba protini haipati pa kutua, na pasipo protini hakuna wa kushika, awe rafiki au adui. Kwa hiyo mpako wako haukushindwa. Ulifanya kazi yake vizuri kupita ulivyotaka.

Lakini wageni wale wawili hawatumii ufunguo mmoja. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba seli huitambua fibronektini kwa kipande kifupi sana cha asidi amino, ambacho kiini chake ni tatu zinazofuatana: arginini, glisini na asidi aspatiki, kwa kifupi RGD. Staphylococcus aureus yeye hushika zaidi upande mwingine wa protini hiyo, kwenye ncha yake. Unaona nafasi iliyopo? Ukitandaza polietilini glaikoli, kisha ukafunga RGD kwenye ncha za baadhi ya minyororo, seli inapata kishikio chake na bakteria hapati chochote cha kwake. Titani iliyopakwa polilisini, yaani mnyororo wa asidi amino, yenye matawi ya polietilini glaikoli na RGD imejaribiwa hivyo: seli za mfupa zikashika, na Staphylococcus aureus wakapungua sana wakilinganishwa na titani tupu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi safi kabisa kwamba unachokitafuta kipo. Udhaifu wake nao ni wa wazi: minyororo hiyo huoksidika kadiri muda unavyokwenda, na upenyo mdogo tu kwenye mpako unatosha kumkaribisha mgeni usiyemtaka.

Jambo la pili ni sura ya uso wenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hulichukulia kirahisi mno. Mfupa hupenda uso mkwaruzo. Ndiyo maana vipandikizi vingi hupuliziwa mchanga na kuchovywa kwenye asidi hadi ukwaruzo wa wastani ufike mikromita 1 hadi 2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sasa mpime Staphylococcus: kipenyo chake ni kama mikromita 1. Umemchimbia shimo la saizi yake. Akitumbukia humo, mkondo wa damu haumfikii, na hata maji ya kuoshea jeraha yanampitia juu. Wataalamu wa meno waliliona hili zamani: ukwaruzo ukipanda juu ya mikromita 0.2, utando huongezeka. Ukiushusha chini ya hapo, hakuna unafuu wa ziada.

Nakumbuka picha moja ya hadubini ya elektroni. Kipande kilikuwa kimepuliziwa mchanga, nimekisuuza mara tatu, na hesabu ya koloni, yaani vikundi vya bakteria vinavyoota kwenye sahani, ilikuwa imeniambia ni kisafi. Juu ya matuta hapakuwa na kitu. Nikakiinamisha kidogo kwenye hadubini nikachungulia mabondeni: vijiduara vimekaa viwili viwili, vitatu vitatu, kama mayai kwenye kiota, na uzi mwembamba wa ute umeanza kuviunganisha. Walikuwa wazima kabisa. Kusuuza kwangu kulikuwa hakujawang'oa, na kwa kuwa hawakung'oka, hawakuhesabiwa.

Dawa yake si kung'arisha uso kama kioo, kwani hapo mfupa utakususia. Dawa ni kutumia tofauti ya ukubwa. Seli ya mfupa ina upana wa mikromita 20 hadi 30 na utando wake ni laini, hujilaza juu ya mashimo kama mkeka juu ya kokoto. Bakteria ni mdogo na ukuta wake ni mgumu, haukunjiki kirahisi. Ukiweka juu ya uso vinundu au vitundu vya makumi ya nanomita, bakteria hugusa ncha tu na eneo la kumshikilia hupungua, ilhali seli, ambayo hupapasa kwa integrini za takriban nanomita 10, huona pa kushika kila mahali. Mirija ya nano ya oksaidi ya titani, inayooteshwa kwa umeme ndani ya kimiminika chenye floridi, ni njia rahisi ya kufika huko. Ukisoma makala utachanganyikiwa: huyu anasifu kipenyo cha nanomita 15, yule anasifu 80. Maoni yangu ni kwamba wengi wao hawalinganishi kipenyo peke yake. Floridi hubaki ndani ya mirija, na ukiichoma sampuli kwenye tanuru muundo wake hugeuka kutoka usio na mpangilio kuwa fuwele ya anatasi, na vyote viwili huathiri bakteria. Ukitumia njia hii, pima floridi iliyobaki na uchome sampuli zote kwa joto moja kabla hujatoa hukumu juu ya kipenyo.

Kuna pia wale wa mabawa ya nyenje. Mwaka 2012 Ivanova na wenzake walionyesha kwamba vinguzo vya nano vilivyo kwenye bawa la nyenje wa Australia humpasua bakteria Pseudomonas aeruginosa ndani ya dakika chache bila kemikali yoyote. Ni jambo la kupendeza kulitazama. Lakini bakteria wenye ukuta mnene, na Staphylococcus ni mmoja wao, walilivumilia bawa hilo, na huyo ndiye adui mkuu wa mifupa. Nguzo kali na ndefu zaidi zimewaua hata hao maabara. Hata hivyo, baada ya saa kadhaa maiti za bakteria na protini hufunika ncha, na uso uliokuwa msitu wa mikuki unageuka kuwa zulia. Usilifanye kuwa nguzo ya mradi wako.

Tuje sasa kwenye fedha. Ayoni ya fedha hushika salfa iliyomo kwenye vimeng'enya, nayo haiulizi kimeng'enya hicho ni cha nani. Kinachowatenganisha bakteria na seli yako ni dozi tu, na pengo kati ya dozi hizo mbili ni jembamba. Chembe za nano zina eneo kubwa la uso kwa uzito mdogo, kwa hiyo huyeyuka na kumwaga ayoni nyingi siku ya kwanza, siku ambayo seli zako ndizo zilikuwa zinajaribu kushika. Angalia pia hospitali hutumia fedha wapi: kwenye viungo bandia vikubwa vinavyowekwa baada ya uvimbe wa saratani kukatwa, na kwa kawaida hupakwa sehemu iliyo katikati ya nyama. Shina linaloingia ndani ya mfupa huachwa bila fedha. Waliovitengeneza walilijua tatizo lako, wakaamua kulizunguka.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "dutu gani inaua?" bali "inaua lini, na inaacha lini?" Hapo ndipo ninapotofautiana na makala nyingi ninazozisoma. Uso mzuri naufikiria kama zamu za kazi. Saa chache za mwanzo ni za kuzuia kushika na kuua wachache waliofika, kwa nguvu zote. Siku chache zinazofuata ni za kulinda jeraha linapofunga. Baada ya hapo dawa iwe imekwisha kabisa, si kupungua tu, na kinachobaki kiwe uso ambao mfupa unaujua: titani yenye mkwaruzo wake, au haidroksiapatiti, madini yanayofanana na ya mfupa.

Nasisitiza "imekwisha kabisa" kwa sababu ya somo la saruji ya mfupa, ile inayokaza viungo bandia. Buchholz na wenzake kule Hamburg walianza kuchanganya antibiotiki ya gentamisini kwenye saruji hiyo kuelekea mwaka 1970, na imewaokoa wagonjwa wengi. Lakini saruji humwaga dawa kwa wingi mwanzoni, kisha hudondosha kidogo kidogo kwa muda mrefu, na sehemu kubwa hubaki imefungiwa ndani. Kile kidondoo kidogo hakiui. Kinafundisha. Bakteria anayeishi miezi kadhaa kwenye dozi isiyomuua hupata nafasi ya kuizoea. Mipako ya asidi ya polilaktiki yenye gentamisini, ambayo imetumika kwenye vyuma virefu vya mfupa wa muundi, hutoa sehemu kubwa ya dawa mapema, kisha polima yenyewe humeng'enywa. Kuna na haidrojeli ya asidi ya hayaluroni ambayo daktari huichanganya na antibiotiki palepale chumba cha upasuaji, akaipaka kwa mkono, nayo huyeyuka ndani ya siku tatu hivi. Haina mvuto wa makala kubwa, lakini inatii ratiba, na daktari huchagua dawa kulingana na bakteria anayemtarajia.

Kioo hai cha S53P4 nitakitaja kwa kupita tu. Kikiyeyuka hupandisha alikali na chumvi zilizokizunguka kiasi cha kuwashinda bakteria, na juu yake huota tabaka la madini yanayofanana na ya mfupa. Ni kizuri kwa kujazia shimo la mfupa ulioharibiwa na maambukizi. Kama mpako mwembamba juu ya chuma, ni habari nyingine.

Sasa vipimo, mahali ambapo miradi mingi huzikwa bila mwenyewe kujua. Nahisi ulitumia kipimo cha kimataifa cha ISO 22196 au kitu cha jamaa yake: tone la bakteria juu ya sampuli, kiplastiki chembamba juu yake, saa 24 kwa nyuzi 35. Kipimo hicho kilibuniwa kwa ajili ya plastiki na nyuso nyingine zisizo na vinyweleo. Hakuna damu pale, na kimiminika ni chembamba kiasi kwamba ayoni zote hubaki mahali pamoja na bakteria. Fedha lazima ionekane shujaa. Rudia kwa kuongeza seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, uone kloridi na protini zinavyoikamata hiyo fedha na idadi inavyobadilika. Halafu, unapowang'oa bakteria ili uwahesabu, weka kizimishi cha fedha kama thioglaikoleti kwenye kimiminika cha kung'olea. Bila hicho, fedha iliyochukuliwa pamoja nao huendelea kuua ndani ya chupa na kwenye sahani, nawe unahesabu vifo ambavyo havikutokea juu ya uso wako.

Kisha weka wote wawili pamoja. Kundi la Groningen, Uholanzi, lilichapisha mwaka 2009 jaribio la namna hiyo: bakteria na seli za mfupa juu ya uso mmoja, kimiminika kikipita juu yao, na kinachopimwa ni nani ametandaa. Anza na bakteria wachache walioshika, kisha ongeza seli, na usiishie saa 24. Tahadhari moja iliyonigharimu mwezi mzima: chakula cha seli kinachotumika kila siku maabara huwa kimetiwa penisilini na streptomaisini. Niliwahi kupata matokeo ya ajabu, seli zimeshinda kwenye kila sampuli, hadi zile zisizo na mpako. Hizo zisizo na mpako ndizo zilizonishtua. Chupa ilikuwa na antibiotiki tangu mwanzo. Tumia isiyo nayo, na zikuze seli humo siku kadhaa kabla ya jaribio.

Jambo la mwisho la vipimo ni nyundo. Mpako wako utapigwa, utasokotwa na kukwaruzwa na mfupa mkavu. Kaza skrubu iliyopakwa ndani ya povu gumu la kufanyia mazoezi ya upasuaji, itoe, itazame kwenye hadubini. Mimi nimeona mpako mzuri wa polima ukitoka kwenye kingo za nyuzi za skrubu kama ganda la kitunguu, ukabaki mabondeni tu. Ukimaliza hilo, isafishe sampuli kwa njia itakayotumika hospitali. Mvuke wa joto kali huweza kuziharibu peptidi, yaani vipande vifupi vya asidi amino kama RGD, na mionzi ya gama huweza kuzikata polima. RGD iliyofanya kazi kabla ya kusafishwa na kukataa baada ya kusafishwa haitamfikia mgonjwa yeyote.

Usitarajie uso ufanye kila kitu. Staphylococcus aureus akishapenya ndani ya seli ya mfupa, au akajibana na kuingia kwenye vijifereji vyembamba kuliko yeye ndani ya mfupa wenyewe, mpako wako hauna mkono wa kumfikia. Huyo ni wa daktari wa upasuaji na antibiotiki za mshipani. Kazi yako iko kwa wale waliofika leo na bado hawajashika.

Ningekuwa wewe, vile vipande vya fedha nisingevitupa. Ningevifanya kipimo cha kulinganishia. Ningechukua titani iliyochovywa asidi, nikaotesha juu yake mirija ya nano, nikaijaza antibiotiki moja tu, kisha nikaifunika kwa tabaka jembamba la polima inayomeng'enywa lenye RGD juu yake. Nisingegusa bakteria kwanza. Ningetumbukiza kipande kwenye seramu ya nyuzi 37, nikachota kimiminika kila baada ya saa sita kwa siku mbili za mwanzo, halafu kila siku kwa wiki mbili, nikachora mstari wa dawa inavyotoka. Mstari huo ukiwa na mkia mrefu wa chini usiofika sifuri, rudi kwenye polima ubadilishe unene au aina yake. Ukiporomoka na kufika sifuri ndani ya siku chache, hapo ndipo uwaite bakteria na seli, pamoja, kwenye sahani moja.